Dawa ya bustani na nyuki wa jirani
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama)



Katika kikundi chetu wamoja wako na mizinga, wengine wako na bustani. Wenye mizinga wanalalamika kwamba asubuhi wanakuta nyuki chini, wanatetemeka na kufa. Wenye bustani wanajibu: tusipopuliza dawa, wadudu watamaliza mboga, na watoto watakula nini? Wote wako na haki. Lakini nyuki hajui mpaka wa shamba. Anaweza kwenda kilometa 3 kutafuta maua, kisha anarudi nyumbani na kile alichokuta.

Tujue kwamba dawa hizi haziko sawa. Kuna zile za kugusa, kama sipamethrini. Nyuki akipulizwa nayo, ao akitua juu ya ua lenye bado maji ya dawa, anakufa. Ile ya unga ni mbaya zaidi, inashika kwenye manyoya yake na anaipeleka ndani ya mzinga pamoja na chavua. Kisha kuna zile zinazoingia ndani ya mmea wenyewe, kama imidaklopridi. Hiyo inafika mpaka kwenye maji matamu ya ua. Hata kidogo tu inaweza kumpotezea nyuki njia ya kurudi. Ulaya walikataza kuitumia mashambani mwaka 2018.

Mwenye bustani asiseme hii ni shida ya watu wa asali tu. Boga liko na ua dume na ua jike, mbalimbali, na chavua yake ni nzito, upepo hauibebi. Bila nyuki na wadudu wenzake, ua jike linaanguka bure. Na ua hilo linafunguka alfajiri, linafunga mbele ya saa sita. Kumbe wengi wetu tunapuliza asubuhi, saa ile ile nyuki wako kazini!

Basi tunaomba tukubaliane hivi. Tupulize jua likishazama, na mmea wenye maua tuuache. Anayetaka kupuliza amwambie mwenye mizinga siku moja mbele. Na kwenye soko, soma chupa: kama imeandikwa imidaclopride, usiitie kwenye boga ao tango, maana hiyo hata ukipuliza usiku, kesho iko ndani ya ua.

Asiyejua kusoma alete chupa kwetu, tutasoma pamoja.