Kuisoma Taarifa ya Ukaguzi wa Nyumba Kabla ya Fedha za Chama Kutoka

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ibadakuli, Shinyanga



Katibu wa chama cha msingi hapokei gunia la pamba kwa kulitazama kwa nje. Hutia mkono ndani, akachota pamba ya katikati, akaangalia kama ni safi au ni fifi, akaipima unyevu kwa vidole, akatafuta mchanga uliojificha chini. Ndipo mizani hufuata. Ajabu ni kwamba katibu yule yule, chama kinapotaka kununua nyumba ili iwe ofisi au ghala, aghalabu huridhika na rangi mpya ya ukutani, maneno ya dalali, na karatasi yenye mhuri ambayo hakuna mjumbe wa bodi aliyeisoma hadi ukurasa wa mwisho. Fedha inayotoka siku hiyo ni makato ya kila kilo ambayo mwanachama aliuza kwa misimu mingi. Yafaa basi karatasi hiyo isomwe kama gunia linavyokaguliwa.

Kwanza yafaa ijulikane ni karatasi gani. Zipo taarifa mbili ambazo huchanganywa, na kuchanganywa huko kumeleta hasara nyingi. Taarifa ya uthamini huandikwa na mthamini aliyesajiliwa, ambaye kazi yake inaongozwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Taarifa hiyo hueleza nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani katika soko la siku hiyo, na ndiyo benki huitaka ili ijue dhamana yake ina thamani gani. Mthamini hutembea ndani ya nyumba, hupima vyumba, hutazama kiwanja na barabara. Lakini hachimbi kando ya msingi, wala hapandi darini na tochi kutafuta mchwa, na mara nyingi huandika hivyo waziwazi katika kurasa za mwisho. Taarifa ya ukaguzi wa jengo ni kitu kingine. Huandikwa na mhandisi wa majengo, naye hueleza jengo liko katika hali gani na litadai nini katika miaka ijayo. Ya kwanza hutaja bei ya kununulia, ya pili hutaja bei ya kuishi na kilichonunuliwa. Chama chenye taarifa ya uthamini peke yake hakijakagua nyumba.

Katika nchi nyingine ukaguzi huu umekuwa desturi. Huko Marekani wakaguzi wa nyumba waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1976, na mnunuzi wa kawaida humwajiri mkaguzi wake mwenyewe kabla ya kukamilisha mauzo. Huku Shinyanga desturi hiyo haijaota mizizi. Muuzaji hawajibiki kumpa mnunuzi taarifa ya namna hiyo, na akiitoa kwa hiari yake, swali la kwanza ni nani aliyeilipia. Mhandisi mwaminifu ataandika ukweli kwa yeyote. Hata hivyo, muuzaji ndiye aliyechagua vyumba vya kumfungulia. Kwa hiyo bodi na iagize taarifa yake, kutoka kwa mhandisi mwenye namba ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na namba hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao.

Taarifa inapofika, msomaji mwenye busara haanzi na hitimisho. Huanza na tarehe. Jambo hili ladhaniwa kuwa dogo, lakini katika mkoa huu lina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo, na sababu yake imo ardhini.

Ardhi ya Usukuma hubadilika ndani ya mwendo wa hatua mia chache. Juu karibu na mawe ya matale kuna mchanga ambao wakulima huuita luseni. Mteremko ukishuka hufuata itogolo, udongo mgumu unaoshika maji. Na bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani huko Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo, na jina hilo likaenea katika vitabu vya dunia nzima. Wasukuma walikuwa wakilima kwa kufuata mnyororo huo muda mrefu kabla haujapewa jina la Kilatini. Sasa mbuga ina tabia moja ambayo mkulima anaijua kwa jembe na mnunuzi wa nyumba huisahau: ikilowa huvimba, ikikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama waweza kuzama. Nyumba yenye msingi mfupi juu ya udongo huo huinuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si kwa usawa, kwa kuwa pembeni mwa nyumba udongo hupata mvua na jua, na katikati chini ya sakafu haupati.

Ndiyo maana tarehe ni ya kwanza. Mhandisi aliyekagua mwezi Machi, mvua zikiwa zimeshiba, aweza kukuta nyufa zimejifunga na milango inabana. Aliyekagua Septemba atakuta milango inafunguka vizuri na nyufa zimeachama. Wote wawili wameandika walichokiona, na kila mmoja ameona nusu ya mwaka. Taarifa iliyo nzuri itasema hivyo yenyewe, na itapendekeza nyumba itazamwe tena msimu ukigeuka. Ikiwa muuzaji hawezi kungoja, hilo nalo ni habari ya kuandikwa.

Baada ya tarehe hutafutwa sehemu inayoeleza yale ambayo mkaguzi hakuyaona. Huwa na kichwa kama vile "mipaka ya ukaguzi", na wasomaji wengi huiruka wakidhani ni maneno ya kisheria. Kumbe humo ndimo mlimo na siri. Taarifa ikisema kwamba msingi haukufukuliwa, dari haikufunguliwa, na chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa, basi maneno "jengo liko katika hali nzuri kwa ujumla" yanahusu kuta na sakafu za vyumba vilivyofunguliwa tu. Katibu aandike kando orodha ya yasiyoonekana, kisha bodi iamue ni yapi yaonwe kabla ya malipo. Kufukua shimo moja kando ya ukuta, kwenye pembe iliyopasuka, ni kazi ya vibarua wawili na asubuhi moja. Hapo mhandisi ataona kina cha msingi, kama kuna zege na nondo, na rangi ya udongo ulio chini yake.

Mahali ambapo taarifa haisemi lolote juu ya udongo, wanachama wenyewe waweza kuikamilisha. Wazee wa jirani huulizwa kiwanja hicho kililimwa nini kabla ya kujengwa. Wakisema palikuwa na majaruba ya mpunga, swali limejibiwa: pale maji husimama na udongo ni mzito. Wakisema palikuwa na muhogo na karanga, kuna matumaini ya mchanga. Hakuna mhandisi atakayedharau ushahidi huo akiletewa, na ni vema aletewe kabla hajaandika.

Kuhusu nyufa zenyewe, taarifa hutaja upana na mwelekeo, na mambo haya mawili husomwa pamoja. Kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza kilichapisha mwaka 1981 kipimo ambacho wahandisi wengi wanakitumia hadi sasa. Ufa usiozidi milimita 1 ni wa kupakwa rangi. Hadi milimita 5 ni hafifu, ingawa milango yaweza kuanza kukwama. Kutoka 5 hadi 15 ukuta hudai kufumuliwa na kuzibwa na fundi, na baadhi ya matofali kubadilishwa. Ukizidi 15, sehemu za ukuta hubomolewa na kujengwa upya. Ukizidi 25, usalama wa jengo lenyewe umo mashakani. Njiti ya kiberiti ina unene wa kama milimita 2, na ufa unaopokea kidole kidogo umekwisha kukaribia daraja la kubomoa. Lakini kipimo hiki chaonyesha ugumu wa kutengeneza, hakitaji kisababishi. Kisababishi huonekana zaidi katika mwelekeo. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando ni za plasta iliyokauka upesi. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, kutoka pembe ya dirisha kuelekea juu au chini, ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, huashiria kwamba msingi umesogea.

Plasta mpya katika ukuta mkuukuu, hasa ikiwa imefuata mstari wa mshazari, yastahili kutiliwa shaka kuliko ufa ulio wazi. Ufa ulio wazi angalau hauna la kuficha.

Miti nayo imo. Mkoa huu ulirudishiwa miti kwa juhudi kubwa, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 unastahili sifa zote ulizopewa. Hata hivyo, mti mkubwa uliopandwa hatua tatu kutoka ukutani kwenye udongo wa mfinyanzi hunyonya maji chini ya msingi wakati wa kiangazi na kuongeza kusinyaa kule kulikotajwa. Mhandisi akiandika kwamba mti uko karibu, asidhaniwe anachukia kivuli. Kuukata ghafla nako kuna hatari, maana udongo uliozoea kunyonywa huanza kuvimba. Shauri la namna ya kuuondoa liulizwe kwake.

Paa husomwa kwa haraka zaidi. Kinachotakiwa kujulikana ni hali ya kenchi na papi, kama mchwa wamefika, kama bati zina kutu kwenye misumari, na kama maji ya paa humwagika mbali na msingi au papo hapo ukutani. Hili la mwisho larudi kwenye udongo tena. Mapaa ya zamani yaliyoezekwa kwa saruji yenye asbesto yasitobolewe wala kuvunjwa bila mtaalamu, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni. Taarifa ya mhandisi wa majengo mara nyingi husema tu kwamba taa ziliwaka.

Vyama vilivyo upande wa Kahama na Geita vina mambo mawili ya kuongeza, ambayo taarifa ya kawaida haiyagusi isipoulizwa. La kwanza ni mashimo. Penye uchimbaji mdogo wa dhahabu, duara la zamani lililofunikwa kwa udongo na magogo laweza kuwa chini ya uwanja wa nyumba, na wanaolijua ni wachimbaji wenyewe. La pili ni zebaki. Nyumba ambamo dhahabu ilichomwa huhifadhi zebaki katika sakafu na kuta. Haina harufu, haionekani kwa macho, na hupimwa kwa chombo maalumu. Chama kinachonuia kuweka ofisi ya makarani au ghala la mbegu katika nyumba kama hiyo kimwandikie mkaguzi swali hilo waziwazi, ili naye ajibu kwa maandishi.

Yabaki maneno ya mwisho wa taarifa. "Ifuatiliwe" maana yake mkaguzi ameona jambo ambalo hajui kama linaendelea. Dawa yake ni rahisi: mistari miwili ya penseli huchorwa kila upande wa ufa, tarehe na umbali vikaandikwa ukutani, na kipimo kikarudiwa mvua zikianza na zikiisha. "Uchunguzi zaidi unashauriwa" maana yake hajui gharama, na hakuna anayeijua bado; bei isikubaliwe kabla ya uchunguzi huo.

Kisha hesabu ifanywe mbele ya wanachama. Mfano huu ni wa kuonyesha njia tu. Nyumba ya bondeni inauzwa shilingi 45,000,000. Taarifa yaonyesha paa lahitaji 4,000,000 na pembe moja ya msingi 9,000,000. Nyumba hiyo basi ni ya 58,000,000. Nyingine iliyo juu mchangani, ambayo ilionekana ghali kwa 52,000,000, ikiwa taarifa yake haikudai kitu, ndiyo rahisi. Mkutano Mkuu ukiletewa bei mbili za mwanzo tu, utachagua ile ya bondeni kwa kura nyingi, nao hautakuwa na kosa, kwa kuwa haukuambiwa.

Upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka kwa nyumba ya familia, ni kazi nyingine na hazimo katika taarifa ya mhandisi. Katibu asizitafute humo.

Taarifa yenyewe ifungwe katika jalada la mali za chama pamoja na picha zake, nakala moja iwe tayari kwa mkaguzi wa hesabu, na mtu mmoja ateuliwe kwa jina kuipima ile mistari ya penseli mvua za Novemba zitakapoanza.