Ukumbi Wetu, Shilingi Yetu

Vijana wa Salgaa.

Jumamosi hii baada ya swala ya adhuhuri tukutane ukumbini. Mambo ni mawili: mafunzo ya huduma ya kwanza, halafu harambee ya mabati na viti.

Hii barabara mnaijua. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilianguka. Watu wakakimbilia petroli na mitungi, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa, wakafa 36. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika si ambulensi. Ni wewe, ni mtu wa boda, ni mama wa chai. Ukijua kuzuia damu, na ukijua lori la mafuta halisogelewi, umeokoa mtu. Jirani asiye Muislamu mje naye. Damu haiulizi dini.

Sasa harambee. Hatujaalika mwanasiasa. Akituletea viti leo, siku tukitaka kumuuliza kuhusu barabara tutaona haya. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Tunataka mahali petu pa kukaa tuyaandike.

Toa kumi, toa hamsini. Hesabu yote itabandikwa mlangoni, ujisomee mwenyewe. Huna kitu? Njoo na nyundo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuonane Jumamosi, inshallah.