Umemwendea Sheikh Kutafuta Nini?

(Darsa kwa vijana, baada ya sala ya Alasiri)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Tumshukuru Allah (s.w.t.) aliyetufikisha tena Ramadhan. Sitasema mengi, maana najua saa hizi tumbo lishaanza kudai. Nataka tuulizane swali moja tu: tunapomwendea sheikh na jambo la dini, huwa tunatafuta nini hasa?

Nitaanza na nafsi yangu, nisije nikawa nawanyooshea wengine kidole. Miaka ya nyuma, mimi na ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, tuligombana kwa ajili ya mwezi. Yeye alifuata mwezi ulioonekana nchi nyengine, mimi nikangoja wa hapa kwetu. Nyumba moja, huyu amefunga, yule anakula biriani ya Idi. Tukarushiana maneno mbele ya mama mpaka akalia. Idi ikapita hatujapeana mkono.

Baada ya siku chache nikaenda kwa maalim wangu, mzee aliyenisomesha tangu juzuu ya Amma. Nikambusu mkono, nikakaa kitako. Nikamwambia, "Maalim, nataka dalili za suala la mwezi."

Akaniuliza, "Ukizipata utazifanyia nini, mwanangu?"

Nikajibu bila kufikiri, "Nimnyamazishe ndugu yangu."

Mzee akafunga kitabu alichokuwa nacho. Akasema, "Basi hukuja kutaka elimu, umekuja kuazima rungu. Nenda kamsalimu nduguyo kwanza, halafu uje tusome."

Niseme kweli, nilitoka pale nimekasirika. Siku tatu neno lile likinichoma. Siku ya nne nikaenda dukani kwa ndugu yangu. Habari ya mwezi hatukuitaja. Nilimwambia tu, "Twende kwa mama." Akafunga duka, tukaenda.

Ndipo nikarudi kwa maalim, tukasoma. Nikajua kumbe wanavyuoni wametofautiana katika suala hili tangu zamani. Wako wasemao kila upande na mwandamo wake, na wako wasemao ukionekana mahali pamoja watosha kwa wote. Dalili zile zile nilizozitaka mwanzo! Lakini sasa zilinifundisha adabu, na kabla ningezifanya silaha.

Ndugu zangu, hadithi ya nia ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Imam Bukhari, na ndiyo ya kwanza katika Arubaini ya Imam Nawawi. Si bure. Mtume (s.a.w.) anatufahamisha humo kwamba watu wawili waweza kuhama safari moja, mmoja kwa ajili ya Allah na Mtume wake, mwengine kwa ajili ya dunia au mke wa kuoa, na kila mmoja akapata kile alichokikusudia. Basi na anayekwenda darsani ni vivyo hivyo.

Wala usidhani jambo hili ni la sisi wadogo tu. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, wanafunzi wamejaa, jina limeenea. Mwaka 1095 alijichunguza nia yake akaona kinachomsukuma ni kutaka cheo na sifa. Ulimi ukamzuia, akashindwa kusomesha. Akaacha kazi na heshima yote ile, akaondoka kwenda Sham kuitafuta upya njia ya Mola wake. Ikiwa mwalimu wa walimu alijiuliza, mimi na wewe je?

Sheikh ni kama feri yetu ya Likoni. Twaihitaji ituvushe. Lakini hebu fikiri, watu wawili wasimame pale gatini wakigombana ni feri ipi bora, mpaka magharibi iwakute hawajapanda hata moja! Na hao ndio sisi: sheikh wangu, sheikh wako, na Allah tunayemwendea tumemsahau.

Basi nawausia mambo matatu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Kabla hujabisha mlango wa sheikh, jiulize: jibu nitakalopewa nitalifanyia nini? Pili, likija kinyume na matamanio yako, usikimbilie kwa sheikh mwengine kutafuta litakalokupendeza. Tatu, ukishapata elimu, itazame imekuongezea nini: unyenyekevu, au maneno tu?

Na kama yuko ndugu hamsemezani kwa ajili ya dini, usiku wa leo usipite. Muda upo kabla ya futari.

Ewe Mola wetu, tusafishie nia zetu, warehemu waliotufundisha, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.