Mkaguzi Anabaki Gatini

Habari ya Gyeongju wasikilizaji wameshaisikia, haina haja ya kurudiwa. Mwezi Oktoba 2025, katika mji huo wa Korea Kusini, Rais Lee Jae-myung aliomba mafuta ya nyuklia kwa ajili ya nyambizi, tena aliyaomba hadharani, kamera zikiwa zimewashwa. Kesho yake, tarehe 30 Oktoba, Rais Donald Trump akajibu mtandaoni: ruhusa imetoka, na nyambizi itajengwa Philadelphia. Tangu hapo wachambuzi wanahesabu nani kafaidi na nani kapunjwa. Kinachokitia kituo hiki wasiwasi ni kingine, nacho hakikupata nafasi katika hesabu hizo. Nyambizi ya nyuklia inapong'oa nanga na urani yake tumboni, mkaguzi anabaki gatini.

Siku ileile ya ruhusa, Waziri Mkuu wa Kanada, Mark Carney, alikuwa kisiwani Geoje akitembezwa kwenye kiwanda cha meli cha Hanwha Ocean. Alionyeshwa Jang Yeong-sil, nyambizi ya tani 3,600 iliyoshushwa majini wiki moja tu kabla, inayotumia dizeli, betri za lithiamu na seli za mafuta. Wakati huo Kanada ilikuwa inataka nyambizi hadi 12, na Wakorea walikuwa wanaigombea zabuni hiyo na kampuni ya Kijerumani ya TKMS. Basi mteja akawa anasifiwa nyambizi ya dizeli, ilhali jana yake tu Rais wa muuzaji ametamka kwamba nyambizi za dizeli hazimtoshi.

Wakorea hawakuona haya, na hawakuwa na sababu ya kuona haya. Jeshi la wanamaji huchagua nyambizi kwa kuangalia umbali wa safari zake. Muuzaji naye huuza kile ambacho kesho hakitamgeukia.

Injini ya dizeli inataka hewa. Nyambizi ya namna hiyo hutembea chini kwa nguvu ya betri, na betri zikikaribia kwisha hupanda hadi karibu na uso wa maji, hutoa bomba la hewa, huwasha injini na kuchaji. Dakika hizo ndizo zinazosubiriwa na rada na ndege za doria. Seli za mafuta, kama zile za Jang Yeong-sil, huahirisha hatari hiyo kwa wiki mbili, hata tatu, ila kwa mwendo wa kunyata. Kinu cha nyuklia hakidai hewa. Nyambizi ya Marekani ya kundi la Virginia hutiwa urani mara moja, pale inapoundwa, na imesanifiwa kuitumia miaka 33 bila kuongezewa. Inarudi nyumbani kwa sababu chakula cha mabaharia kimekwisha.

Vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982 vilizionyesha aina zote mbili kazini. Uingereza ilituma Conqueror, nyambizi ya nyuklia, hadi kusini mwa Atlantiki, mwendo wa kama kilomita 13,000. Tarehe 2 Mei ikaizamisha manowari ya Argentina, General Belgrano, na watu 323 wakafa. Meli kubwa za Argentina zikarudi pwani na hazikuthubutu kutoka tena. Lakini Argentina nayo ilikuwa na San Luis, nyambizi ndogo ya dizeli iliyobuniwa Ujerumani. Topido zake zilikuwa na hitilafu, haikuzamisha chochote; ila Waingereza waliisaka, wakamwaga silaha baharini kila waliposikia mlio wa kutilia shaka, na hawakuipata. Mwaka 2005, katika mazoezi karibu na California, nyambizi ya Sweden iitwayo Gotland, isiyo na nyuklia hata chembe, ilipenya ulinzi wote na kuhesabiwa kuwa imeipiga meli kubwa ya ndege za kivita ya Marekani, Ronald Reagan.

Sasa Korea Kusini inavuka bahari gani? Bahari ya Njano iliyo magharibi yake ina kina cha wastani wa mita 44. Nyambizi ya Virginia ina urefu wa mita 115. Ikisimamishwa wima humo, zaidi ya nusu yake itabaki juu ya maji. Upande wa mashariki maji ni marefu, ni kweli, na ni kweli pia kwamba Korea Kaskazini ilitoa picha mwezi Machi 2025 za nyambizi ya nyuklia inayodai kuiunda. Hoja ya Lee kwamba dizeli haiwezi kuzifuata nyambizi za jirani kwa muda mrefu ina uzito. Ila uzito wa hoja haujibu swali la ukaguzi, na swali la ukaguzi ndilo linalorukwa kila mara.

Nyambizi za dizeli zinauzwa kila siku, wala hakuna anayelia. Wajerumani walibuni aina ya 209 kwa ajili ya kuuza tu. Zimeundwa zaidi ya 60, na jeshi la Ujerumani lenyewe halijawahi kuwa na hata moja. Ya kwanza ya Korea Kusini, Chang Bogo, iliundwa Kiel. Zilizofuata ziliundwa Korea kwenyewe. Baadaye Korea ikaiuzia Indonesia tatu, na ya tatu ikaunganishwa Surabaya. Ufundi ukahama kutoka mkono hadi mkono, na kila mtu alijua umefika wapi.

Hata huko masharti yapo. Thailand iliagiza nyambizi China mwaka 2017, kumbe mkataba ulitaja injini za Kijerumani za MTU. Ujerumani ikakataa kuziuza, kwa sababu Ulaya iliiwekea China vikwazo vya silaha tangu 1989. Miaka ikapita, nyambizi haijakamilika, hadi mwaka 2025 Bangkok ikakubali injini za Kichina. Injini ya dizeli, jamani! Injini ya dizeli imezuia biashara ya mataifa mawili kwa miaka. Urani imepata ruhusa kwa ujumbe mmoja wa mtandaoni.

Kwa miongo mingi nyuklia haikuuzwa. Marekani iliigawia Uingereza peke yake siri ya vinu vya nyambizi, kwa makubaliano ya 1958. Moscow iliikodisha India nyambizi kuanzia 1988 hadi 1991, ikakodisha nyingine kuanzia 2012 hadi 2021, ilikodisha, haikuuza. Kanada ilizitaka mwaka 1987, ikaghairi 1989. Kisha ikaja tarehe 15 Septemba 2021. Australia ikautupa mkataba wake na Wafaransa wa nyambizi 12 za dizeli, Paris ikawaita nyumbani mabalozi wake kutoka Washington na Canberra, na muungano wa AUKUS, wa Australia, Uingereza na Marekani, ukazaliwa ili Australia ipate za nyuklia. Makadirio ya Australia yenyewe ni dola zake bilioni 268 hadi 368 ifikapo katikati ya miaka ya 2050. Na Marekani, inayotakiwa kuiuzia Virginia tatu, inaunda kama moja na kidogo kwa mwaka wakati yenyewe inahitaji mbili.

Philadelphia je? Kiwanda cha meli cha huko Hanwha ilikinunua mwishoni mwa 2024 kwa dola milioni 100. Kinaunda meli za kiraia. Hakijaunda nyambizi, ya nyuklia wala ya dizeli.

Lakini hayo ni matatizo ya wenye fedha. La wote ni hili. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia unaitaka nchi isiyo na bomu ifungue milango kwa wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, wahesabu urani yake. Walioandika utaratibu wa ukaguzi waliacha mwanya, ibara ya 14: nchi inaweza kuitoa urani katika ukaguzi wa kawaida kwa muda wote inaposukuma chombo cha kijeshi, mradi haitengenezi bomu. Nyambizi za Marekani na za Uingereza hutumia urani iliyorutubishwa zaidi ya asilimia 90, kiwango cha kutengenezea bomu. Wafaransa hutumia ya chini ya asilimia 20, huibadilisha kila baada ya miaka kama kumi, na nyambizi zao zinakwenda vizuri tu. Yaani njia ya hatari ndogo ipo, inajulikana, inatumika.

Mwanya ule ulikaa nusu karne bila mtu kuupita. Sasa Australia ipo mlangoni. Brazil, inayounda nyambizi yake Álvaro Alberto, ipo mlangoni. Korea imefunguliwa mlango mara tu ilipobisha, ingawa makubaliano yake ya nyuklia na Washington ya mwaka 2015 yanaruhusu matumizi ya amani tu. Na Iran iliwaarifu IAEA tangu 2018 kwamba nayo inakusudia kuwa na vinu vya meli. Atakayeambiwa hapana ataambiwa na nani, na kwa sheria ipi? Rafiki akipewa, hasimu atadai. Hasimu akidai, mkaguzi anabaki gatini. Rafiki akipewa, mkaguzi anabaki gatini vilevile.

Na baada ya miaka 33? Dreadnought, nyambizi ya kwanza ya nyuklia ya Uingereza, ilistaafu mwaka 1980. Mpaka leo imefungwa bandarini Rosyth, haijavunjwa, inasubiri zamu yake. Mabaharia wengi wa leo hawakuwa wamezaliwa ilipozimwa.

Kuna watakaosema mambo haya yako mbali na Afrika Mashariki. Mbali wapi? Australia inachungulia Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga Mombasa, Tanga na Mtwara. Mwaka 1971 Tanzania ilisimama na Sri Lanka katika Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu likaitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009, siku Burundi ilipowasilisha idhini yake, ya 28. Ramani ya mkataba huo inavigusa visiwa vya Chagos, na Diego Garcia yenye kambi ya Marekani imo humo. Mkataba huo unakataza mabomu. Kuhusu vinu vya kusukuma nyambizi umenyamaza. Na nani Afrika ana nyambizi? Algeria, Misri na Afrika Kusini, zote za dizeli. Hata hizo si lelemama: Septemba 2023 wimbi liliwachukua mabaharia wa Manthatisi, nyambizi ya Afrika Kusini, karibu na Kommetjie, na watatu wakafa. Nchi zinazohangaika kuitunza dizeli zina kila haki ya kuuliza kuhusu urani ya wengine.

Basi ziulize! Wanachama wengi wa Pelindaba wana viti IAEA, huko Vienna. Waende na swali moja lililoandikwa, waliseme kwa sauti moja. Kabla Korea haijapewa gramu, kabla Australia haijakabidhiwa kinu, IAEA iweke utaratibu mmoja kwa wote wanaoutaka mwanya wa ibara ya 14, rafiki na hasimu. Urani isizidi asilimia 20. Ihesabiwe inapoingia kwenye nyambizi na ihesabiwe inapotoka. Utaratibu huo uchapishwe, usomwe na kila nchi inayopakana na bahari hizi. Dodoma iseme, Nairobi iseme, Gitega ya Burundi iliyoutia nguvu mkataba iseme, Pretoria iliyoyavunja mabomu yake yenyewe iseme kwa sauti zaidi ya wote. Mabalozi wasingoje waalikwe Gyeongju, maana hawataalikwa. Wabunge wawaulize mawaziri wa mambo ya nje, wiki hii, kabla kikao hakijaahirishwa: swali la ukaguzi limepelekwa Vienna au halijapelekwa? Na waziri ajibu kwa tarehe.