Kipanga wa Kidato cha Nne Akifika Cha Tano

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila mtaa una mtoto wa kusimuliwa: daftari hashiki, jioni yuko kibanda umiza akitazama mpira, na bado kapata daraja la kwanza. Watu humsifu. Mimi humhofia.

Mtoto huyu husikiliza darasani mara moja, somo likaingia likakaa. Hilo humtosha hadi kidato cha nne. Kisha anapangiwa shule ya vipaji kama Ilboru au Kibaha, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na huko darasa zima ni vipanga wa shule walikotoka. Swali moja la fizikia laweza kula saa nzima. Ukikosea alama ya kutoa mstari wa tatu, unaanza upya. Wenzake walishazoea kukwama na kurudia. Yeye hajawahi, basi anadhani akili zimemwisha, na kuuliza anaona aibu.

Walimu wa kidato cha pili, nawasihi: huyo anayekusanya karatasi dakika 20 kabla ya wenzake, mpeni hesabu za kidato cha tatu, akwame angali mbele yenu.