Mtoto wa Mchukuzi na Chuo Kikuu



Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani na Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanafunzi wa kwanza hawakuzidi 14.

Mwaka 1964 Chuo kikahamia Mlimani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kulitumikia Taifa, ambayo kwa miezi 18 iliwaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake kwa asilimia 20.

Kisa hiki husimuliwa kama uroho wa wasomi. Hiyo ni nusu ya hukumu. Mtoto wa mchukuzi hupelekwa chuoni na ukoo mzima, na ukoo haungojei shahada, unangojea nafuu. Kosa, na lilikuwa kosa kweli, ni kusahau kwamba Chuo kililipiwa pia na wakulima na wafanyakazi ambao watoto wao hawakupata nafasi.

Tangu 2005 mkopo wa Bodi umeliandika deni la msomi kwa shilingi. Deni hili jingine halina stakabadhi. Na mwalimu anayemhimiza mwanafunzi asome asije akabeba magunia kama baba yake, amkumbuke baba huyo: alfajiri hii yuko sokoni, na ujira wa gunia lililo mgongoni mwake ndio ada ya muhula.