Msaidizi Yupi kwa Kazi Ipi?

Tangu ChatGPT ilipofika kwa umma Novemba 2022, wasaidizi wa akili unde wamekuwa wengi: Gemini ya Google, Claude ya Anthropic, Copilot ya Microsoft. Ninaulizwa sana yupi ni bora. Nami nauliza kwanza: unataka akufanyie nini?

Kama kutwa uko ndani ya Word na Excel, Copilot imo humohumo. Ofisi inayotumia Gmail, Gemini iko jirani. Kwa barua ya Kiswahili, wajaribu wote: wape muhtasari uleule wa kikao, kisha soma majibu yao kwa sauti. Utasikia mwenyewe nani anaandika Kiswahili na nani anatafsiri Kiingereza neno kwa neno.

Hesabu zihakiki mwenyewe. Wasaidizi hawa hutunga sentensi kwa kukisia neno linalofuata, ndiyo maana wanaweza kukosea hesabu au kukupa kifungu cha sheria kisichokuwapo, tena kwa kujiamini kabisa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Majina ya wagonjwa, mishahara, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA): usibandike hayo kwenye akaunti yako ya bure. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa hizo ni za watu waliokuamini. Muulize mwajiri kama amelipia huduma ya ofisi, na mkataba unasemaje kuhusu kuhifadhi maandishi yenu au kuyatumia kufundishia mashine. Jibu ulipate kabla hujabandika chochote.